Kocha Hana Amri juu ya Dadu

Tarehe 7 Novemba 2024, katika uwanja wa Azam Complex, Chamazi, timu ya Tabora iliyojulikana wakati huo kwa jina la Tabora United iliifunga Yanga magoli 3 kwa 1. Siku tano kabla yake Yanga ilikuwa imefungwa na Azam goli 1 kwa bila, na hicho kilikuwa kipigo chake cha kwanza katika ligi ya msimu ule. Hazikupita siku nyingi uongozi wa Yanga ukaachana na kocha wake, Miguel Gamondi. Msimu ulipokwisha, mwaka 2025, bingwa wa ligi alikuwa Yanga.

Katika siku zile nilisikiliza kwa makini maelezo yaliyotolewa mjini Tabora, chini ya miembe, katika vijiwe vya kahawa na hata katika vyumba vya walimu. Wengine walisema kwamba kocha wa Yanga aliwadharau wageni. Wengine walisema kwamba vijana wa Tabora walicheza kwa moyo. Wengine, kwa sauti ya chini, walitaja mambo ambayo hayamo katika kanuni za mpira. Maelezo yote hayo yalikuwa na sifa moja: kila msemaji alitafuta sababu moja iliyotosha kulieleza goli la kwanza, la pili na la tatu. Sikumsikia hata mmoja, na miongoni mwao walikuwamo walimu wa hisabati, aliyeuliza swali ambalo lingepaswa kutangulia: je, timu imara ikikutana na timu hafifu mara 100, tutazamie ifungwe mara ngapi bila ya kuwa na kasoro yoyote mpya?

Swali hilo lina jibu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulipata kwa dadu moja, penseli na daftari. Kwa maoni yangu, kutolifundisha kunatugharimu zaidi ya tunavyodhani, na gharama yenyewe hulipwa kwa shilingi, mara nyingi na wanafunzi wetu wenyewe. Napendekeza basi kwamba mchezo wa kuiga usimamizi wa timu ya mpira, ambao wazazi wengi huuhesabu kuwa upuuzi wa vijana wenye simu, uingizwe katika vipindi vya hisabati vya shule zetu za sekondari. Napendekeza jambo hili kwanza kwa Tabora, kwa sababu nitakazozieleza.

Hebu tuanze na mchezo wenyewe. Katika mwaka 1982 Mwingereza Kevin Toms alitoa mchezo wa kompyuta ambao ndani yake mchezaji hapigi mpira hata mara moja. Yeye ni msimamizi. Huchagua nani acheze na nani apumzike, hununua na kuuza wachezaji, hupanga mbinu, kisha huketi na kungojea matokeo. Tangu hapo michezo ya namna hiyo imeenea duniani, nayo imetengenezwa kwa ajili ya mpira wa miguu tunaoujua sisi, kwa kriketi, na hata kwa ule mpira wa Kiaustralia ambao nitaurudia hapa chini. Ndani ya kompyuta hamna uwanja wala nyasi. Mna orodha ya namba: mbio za mshambuliaji huyu ni 14, uchovu wa beki yule ni 9. Maamuzi ya msimamizi huzibadili namba hizo, nazo kwa pamoja huamua ukubwa wa uwezekano wa goli katika kila shambulio. Baada ya hapo programu huchota namba ya nasibu, kama mtu arushaye dadu, na namba hiyo ndiyo inayosema mpira umeingia au umetoka nje.

Wanasayansi hawakuuona mtindo huu wa kufikiri kuwa mchezo. Mwaka 1946 mtaalamu wa hisabati Stanislaw Ulam, akiwa anapona ugonjwa na kujiburudisha kwa karata za kucheza peke yake, alijiuliza ni mara ngapi karata hizo hukubali kupangika hadi mwisho. Kuhesabu njia zote kulimshinda. Akaona ni rahisi zaidi kucheza mara mia na kuhesabu ushindi. Yeye na John von Neumann waliipeleka fikira hiyo katika utafiti wa nyuklia na katika kompyuta za kwanza, na njia hiyo ikapewa jina la Monte Carlo, mji wa Monaco uliosifika kwa kamari. Leo hutumiwa katika kutabiri hali ya hewa, kuenea kwa magonjwa na mahitaji ya umeme. Kwa hiyo kijana asimamiaye timu ya kubuni katika simu yake hutumia, pasipo kujua, chombo kimojawapo chenye nguvu katika sayansi ya karne iliyopita.

Sasa tuutengeneze mchezo huu pasipo kompyuta. Tuchukue timu mbili za kubuni, Kwihara na Igombe. Kwihara ni imara. Katika kila mechi hupata nafasi 9 za kufunga. Igombe ni hafifu. Hupata nafasi 6. Kila nafasi ni mrusho mmoja wa dadu lenye pande sita. Ikijitokeza sita, ni goli. Namba nyingine yoyote, mpira umetoka. Basi Kwihara itafunga kwa wastani goli moja na nusu kwa mechi, na Igombe goli moja. Jumla ni magoli mawili na nusu, nayo si kinyume na hali halisi, maana katika ligi nyingi za dunia wastani wa magoli ya mechi nzima huwa kati ya 2 na 3.

Kabla ya kurusha dadu, mwalimu awaulize wanafunzi: Kwihara, yenye nafasi nyingi kuliko mpinzani wake kwa nusu nzima, itashinda mechi ngapi katika 100? Nimeuliza swali hili mara nyingi. Majibu huwa kati ya 70 na 90. Jibu la hesabu ni 49. Mechi 27 zitakuwa sare, na katika mechi 24 zilizosalia Igombe itashinda. Yaani timu bora, isiyogombana, isiyologwa, isiyo na majeruhi wala kocha mvivu, itafungwa na timu hafifu takriban mara moja katika kila mechi nne. Mwanafunzi anayetilia shaka asibishane na mwalimu, arushe dadu. Darasa likigawanywa katika vikundi 20, kila kikundi kikacheza mechi 5, mechi 100 zitakwisha kabla kengele haijalia.

Ni hapa ndipo usimamizi unapoingia. Katika darasa moja nililolifundisha tulimpa kila msimamizi nafasi 40 za kugawa katika mechi 5, kwa sharti kwamba mechi moja isipewe chini ya nafasi 5 wala zaidi ya 12. Palizuka mijadala ambayo sijaisikia katika somo la milinganyo. Msimamizi mmoja, baada ya kufungwa mara mbili, alizitumia nafasi 12 katika mechi ya tatu ili kurudisha heshima. Alipata sare, na katika mechi mbili za mwisho akabaki na makombo. Mwingine alikuwa na nafasi 8 kila mechi, akafungwa tatu mfululizo, na wenzake wakamtaka ajiuzulu. Kijana mmoja, ambaye leo ni mhandisi, alisusa kabisa: alidai dadu la kundi lake lina jini. Sikumcheka. Nilimwambia alirushe mara 120 na kuandika kila namba. Sita zilijitokeza mara 18, ambapo tulitazamia 20. Alilitazama daftari lake kwa muda mrefu, kisha akarudi mchezoni.

Kufungwa mara tatu mfululizo ndiko kunakowaondoa makocha wetu kazini, kwa hiyo tukuangalie kwa hesabu. Uwezekano wa Kwihara kufungwa na Igombe katika mechi tatu zilizotajwa mapema ni mdogo sana: si zaidi ya mara 14 katika 1,000. Lakini msimu wa ligi yetu kuu yenye timu 16 una mechi 30, na mfululizo huo waweza kuanzia popote. Hesabu yaonyesha kwamba hata timu inayokuwa bora kuliko mpinzani wake katika kila mechi ya msimu, kwa kiasi kile cha 9 kwa 6, itapatwa na balaa la kufungwa tatu mfululizo karibu msimu mmoja katika kila misimu minne. Na baada ya balaa hilo itafanya nini? Itarudi kwenye wastani wake, itashinda karibu nusu ya mechi zinazofuata. Ikiwa katikati pameletwa kocha mpya, sifa zitakuwa zake. Ikiwa ameletwa mganga, sifa zitakuwa za mganga. Hakuna aulizaye timu ingekuwaje kama pasingefanyika lolote, kwa sababu ligi huchezwa mara moja tu; ni katika mchezo wa kuiga peke yake ndimo tunamoweza kuurudia msimu uleule mara mia.

Sisemi kwamba makocha hawana kazi. Kocha ndiye afanyaye nafasi 6 ziwe 7, na 7 ziwe 9, na kazi hiyo huchukua miezi ya mazoezi, lishe na nidhamu. Lakini amri yake hukomea hapo. Dadu likisharushwa halimjui kocha. Sijui kama uamuzi wa Yanga wa mwaka 2024 ulikuwa wa haki au la. Viongozi wa klabu huona mengi ambayo mtazamaji hayaoni. Ninachosema ni kwamba mechi mbili, zikiwa peke yake, ni ushahidi mwembamba mno wa kumhukumu mtu yeyote.

Yafaa sasa kuwatazama Waaustralia. Mpira wao, ambao kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, huchezwa na watu 18 kwa kila upande katika uwanja wa umbo la yai, nao huruhusu mkono na mguu pia. Kila upande una nguzo nne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya mbili za katikati, ni goli la pointi 6. Ukipita kando yake, ni pointi 1. Timu moja kwa kawaida hufunga magoli kumi na kitu katika mechi moja, na jumla ya pointi hupita 80 bila mtu kustaajabu. Hebu tuiige hali hiyo kwa dadu letu: tuzidishe kila kitu kwa kumi, Kwihara irushe mara 90 na Igombe mara 60. Uwiano wa nguvu ni uleule wa 9 kwa 6. Lakini sasa Kwihara itashinda takriban mechi 84 katika 100, itatoka sare 5, na itafungwa 11 tu.

Nawaomba walimu wakae juu ya tokeo hili kwa muda, maana ndilo kiini cha takwimu nzima. Hakuna mchezaji aliyeongezwa wala aliyepunguzwa. Kilichobadilika ni idadi ya majaribio. Pale ambapo majaribio ni mengi, bahati njema na mbaya hufutana, na ubora hujidhihirisha. Pale ambapo ni machache, ubora hufichwa na vumbi la nasibu. Ndiyo sababu kocha wa Melbourne aweza kuhukumiwa kwa mechi chache kuliko kocha wa Tabora. Ndiyo sababu pia mtihani wenye maswali 50 humpima mwanafunzi kwa haki kuliko wenye maswali 3, na shamba la majaribio ya mahindi huwa na vitalu vingi, si kimoja. Kwa upande mwingine, ndiyo sababu mpira wetu wa magoli machache hupendwa na dunia nzima: mnyonge ana siku yake. Watu wa Tabora waliifurahia siku yao, na walikuwa na haki.

Kuna watakaosema kwamba sisi tayari tuna mchezo wa akili, nao ni bao. Naupenda bao, na yeyote aliyewahi kukaa mbele ya mashimo 32 na kete 64 na mzee asiyezungumza anajua kwamba hesabu ya kupanda na kuteka si hesabu ya watoto. Lakini bao na mchezo wa kusimamia timu hufundisha mambo mawili tofauti. Katika bao hakuna nasibu. Kete zikishapandwa, mahali pa kila moja hujulikana. Aliyeshindwa ameshindwa na akili ya mwenzake, na afadhali akubali. Mtu aliyelelewa na bao peke yake atadhani kwamba kila kushindwa kuna mkosaji. Maisha ya mkulima anayengojea mvua za Novemba hayako hivyo, wala ya daktari mwenye wagonjwa kumi, wala ya kocha.

Nimesema kwamba gharama hulipwa kwa shilingi. Sheria ya nchi yetu inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini kila mwalimu anajua kwamba mikeka huandaliwa hata mabwenini, kwa simu za kaka na za walinzi. Mwanafunzi mmoja niliyemjua alikuwa amepewa nauli ya kurudi shuleni. Aliitandika yote katika mkeka mmoja wa timu nane, akachelewa wiki mbili, na aliporudi alinieleza kwa fahari kwamba timu saba kati ya nane “zilitoa”. Alikuwa na hakika kwamba alikaribia sana. Nilipomuuliza uwezekano wa mkeka wake ulikuwa kiasi gani, alijibu: “Mwalimu, zote zilikuwa timu kubwa.”

Turudi kwa Kwihara na Igombe. Tuchukue kwa mfano kwamba mwenye duka la kubeti analipa mara 1.85 kwa ushindi wa Kwihara, mara 3.40 kwa sare, na mara 3.80 kwa ushindi wa Igombe. Namba hizi huvutia. Mtoto huona kwamba shilingi 1,000 zaweza kuzaa 3,800. Lakini tunajua uwezekano wa kila tokeo, kwa sababu dadu ni letu. Zidisha 0.49 kwa 1,850, zidisha 0.27 kwa 3,400, zidisha 0.24 kwa 3,800. Utapata kila mara kiasi kisichopishana sana na shilingi 910. Mwenye duka amepanga bei zake hivi kwamba upande wowote utakaouchagua, katika kila 1,000 atakurudishia 910 kwa wastani na kubaki na 90. Hahitaji kumjua mshindi. Hahitaji hata kuupenda mpira.

Na mkeka je? Hapo ndipo mtego ulipo. Ukizifunga mechi nane za namna ya Kwihara katika tiketi moja, malipo hupanda hadi mara 137, na shilingi 1,000 huonekana kama mbegu ya 137,000. Lakini uwezekano wa timu imara nane kushinda zote ni 49 ya mia ikizidishwa kwa yenyewe mara nane, yaani karibu mara 1 katika 300. Na ile tisini aliyobaki nayo mwenye duka katika kila elfu, sasa huichukua mara nane mfululizo: kwa wastani mkeka wa 1,000 hurudisha shilingi 470 tu. Kijana wangu wa timu saba hakuikaribia bahati hata kidogo. Kupata saba kati ya nane hutokea mara nyingi zaidi ya kupata nane zote, takriban mara nane zaidi, na mwenye duka hufurahi kila linapotokea, kwa kuwa humrudisha mteja kesho.

Nimewahubiria vijana dhidi ya kamari kwa maneno ya dini na ya uraia, na sioni kwamba mahubiri yangu yaliwabadili wengi. Hesabu hii, wakiifanya kwa mikono yao na kuiona hasara ikijengeka katika daftari mechi baada ya mechi, huwanyamazisha kwa namna nyingine. Katika darasa lile tulimteua msichana mmoja kuwa mwenye duka, tukampa kila mwanafunzi punje 50 za mahindi za kuwekea dau. Mwisho wa kipindi cha pili punje zilikuwa karibu zote mezani kwake, ingawa watu kadhaa walikuwa wamepiga kelele za ushindi njiani. Hakuwa ametabiri mechi hata moja.

Kwa nini basi Tabora? Kwa sababu mji huu ulizaliwa na usimamizi wa watu chini ya nasibu. Kabla ya reli kuufikia mwaka 1912, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: mashariki kuelekea Bagamoyo, magharibi kuelekea Ujiji, kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mwenye msafara alikuwa msimamizi wa timu kwa maana kamili. Ilimpasa kuwaajiri wapagazi, wengi wao Wanyamwezi mashuhuri kwa kazi hiyo, kumchagua kirangozi wa kutangulia, kugawa mizigo ya kama frasila mbili kwa kila bega, kukadiria posho, kuweka akiba ya nguo na shanga kwa ajili ya hongo ya Ugogo, na kupanga siku ya kuivuka Mgunda Mkali, nyika yenye maji haba iliyotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Hayo yalikuwa mikononi mwake. Mvua, ndui, moto wa kambini na vita havikuwa.

Tazama tofauti ya matokeo. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kaze, yaani Tabora, siku ya 134. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akafika Unyanyembe mwezi Juni, kwa muda wa miezi mitatu hivi. (Burton na Speke, kwa njia, waliingia mjini tarehe 7 Novemba, tarehe ileile ya ushindi wa Chamazi. Apendaye ishara asishawishike. Katika darasa la wanafunzi 40, uwezekano wa kuwapo wawili waliozaliwa tarehe moja ni karibu 89 katika 100, na historia ya Tabora ina matukio zaidi ya 40.) Je, Stanley alikuwa msimamizi bora? Yawezekana. Lakini anayejibu kwa mifano miwili tu, mmoja wa kila upande, amefanya kosa lilelile la kumhukumu kocha.

Stanley hata hivyo alifanya jambo moja ambalo laweza kuwa zoezi zuri la darasani: aliwagawa watu na mizigo yake katika misafara mitano, ikiondoka kwa zamu. Tuseme kila msafara unapoteza mali yake yote ikijitokeza moja katika dadu. Ukiweka mali yote katika msafara mmoja, uwezekano wa kupoteza kila kitu ni 1 katika 6. Ukigawa katika mitano, uwezekano wa kupoteza yote ni 1 katika 7,776. Wastani wa mali itakayofika ni uleule, sehemu tano kati ya sita. Kilichopungua ni hatari ya kuangamia. Wanafunzi hulishangilia jambo hili, na mwalimu asiwaache wakae na furaha hiyo kwa muda mrefu. Awaambie habari za Mirambo. Katika mwaka huohuo wa 1871 vita kati ya Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe viliifunga njia ya Ujiji, na Stanley akalazimika kuzunguka kwa kusini. Vita havikufunga njia ya msafara mmoja. Vilifunga ya wote. Dadu tano zilikuwa zimefungwa kwa kamba moja, na ile 7,776 haikuwa na maana tena. Majaribio yanayotegemeana hayafutani. Benki kubwa za dunia ziliisahau kanuni hiyo kabla ya mwaka 2008, na hasara ikatufikia hata sisi tusiokuwa na akiba humo.

Neno moja la tahadhari kwa walimu watakaoutengeneza mchezo wa msafara. Njia ile ilibeba pembe za ndovu, nguo na shanga, nayo ilibeba pia wanadamu waliotekwa na kuuzwa. Mtumwa asifanywe kete. Msimamizi wa mchezo awe na mizigo, maji, chakula na wapagazi wa ujira, na habari za watumwa zifundishwe kwa uzito wake katika somo la historia, pasipo dadu.

Nayajua mapingamizi. La kwanza ni la muhtasari: vipindi havitoshi. Uwezekano na takwimu tayari vimo katika hisabati ya sekondari. Ninachoomba ni vipindi viwili vya mkono badala ya viwili vya ubao. La pili ni zito zaidi. Tabora ni mji wa misikiti na wa misheni kongwe, na mzazi akisikia kwamba mwanawe amerusha dadu shuleni ana haki ya kuuliza. Dadu lenyewe si lazima. Mfuko wa kitambaa wenye vikaratasi sita, kimoja kikiwa na alama nyekundu, hufanya kazi ileile, ilimradi karatasi irudishwe mfukoni na mfuko utikiswe kila mara. Kete za bao zafaa pia, lakini ziwe sawa kwa ukubwa, maana vidole vya wanafunzi hujifunza upesi kuitambua kete kubwa. Mwaka ule tuligundua udanganyifu huo kwa hesabu. Timu moja ilikuwa imefunga magoli 31 katika nafasi 60, ambapo tulitazamia 10. Darasa zima lilikubaliana, kabla sijasema neno, kwamba bahati haiwezi kwenda mbali kiasi hicho, na mfuko ukamwagwa mezani.